Nyumba aliiona, funguo alipewa, na bado alitapeliwa

Jumamosi moja saa tatu asubuhi kirikuu mbili zilikuwa zimesimama nje ya geti la bluu kule Tabata, hapa Dar, zote zimejaa vitu, godoro juu limefungwa kamba, feni, ndoo, mtungi wa gesi, na ya tatu ilikuwa inakata kona kuja. Mdogo wangu alikuwa kwenye ile ya pili. Anasema alidhani wale wengine wanahamia nyumba ya jirani, na wao walivyomuona wakadhani hivyo hivyo, wakasalimiana vizuri tu, hadi mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliposhuka, akatoa funguo kwenye pochi, akaelekea getini.

Ile funguo ilikuwa na utepe mwekundu umefungwa kwenye tundu lake.

Ya mdogo wangu nayo ilikuwa na utepe mwekundu.

Geti likafunguka. Mlango wa nyumba haukufunguka kwa funguo ya mtu yeyote, kitasa kilikuwa kipya, bado kina grisi ya vidole vya fundi. Baadaye akaja kijana akajitambulisha kuwa mwenye nyumba ni baba yake mdogo, yuko Mwanza, yeye ndiye anamuangalizia, na yule mama waliyemlipa wote alikuwa mpangaji wa miezi mitatu tu ambaye muda wake uliisha juzi yake. Kufika saa sita mchana pale nje kulikuwa na familia nne. Kila familia imelipa miezi sita kwa laki mbili na nusu, yaani milioni moja na nusu, ukiacha ya dalali.

Limenikaa kichwani wiki nyingi hili jambo. Hela inauma ndiyo, lakini kilichokuwa kinaninyima usingizi ni kingine kabisa.

## Alifanya yote tunayoambiana

Sote tunajua ule ushauri. Usitume hela kabla hujaiona nyumba. Ukiona picha nzuri mtandaoni na bei ya chini, kimbia. Ingia ndani, angalia, andikishana mkataba, uwe na shahidi.

Sasa mdogo wangu aliiona nyumba, na aliiona mara mbili. Alifungua bomba jikoni akaona maji yanatoka, alivuta maji chooni, aliwasha taa kila chumba, aliuliza kama Luku ni ya kwake peke yake au ya kuchangia. Alikaa kwenye kochi akapewa juisi. Alisoma mkataba, akasaini, shahidi akasaini, mkataba ukagongwa mhuri wa wakili. Akapewa funguo mkononi. Hakuna kitu alichokiruka.

Na hapo ndipo nilipoanza kuona tatizo. Ushauri wetu wote unahusu nyumba. Ipo au haipo, picha ni za kweli au za kudanganya, bomba linatoa maji au halitoi. Ule ni ushauri wa kumkwepa tapeli asiye na nyumba, yule wa kutuma picha za apatimenti ya mtu mwingine halafu anakwambia tuma advansi nikushikie maana kuna watu wawili wanaitaka. Huyo bado yupo na bado anakula watu. Lakini huyu wa Tabata nyumba alikuwa nayo, ameipanga kihalali, amelipa kodi halali ya miezi mitatu, na hiyo kodi ndiyo ilikuwa mtaji wake.

Kuiona nyumba kunathibitisha kuwa nyumba ipo.

Hakukwambii chochote kuhusu yule mtu aliyekufungulia mlango.

## Mtu mzima humuulizi kitambulisho

Nilimuuliza mdogo wangu, kwa upole maana alikuwa bado analia, hivi ulimuomba kitambulisho? Akaniangalia. Akasema dada, yule ni mtu mzima, amenikaribisha kwake, ananiita mwanangu, ananiuliza mtoto anasoma wapi, ningeanzaje?

Nimelifikiria sana hilo jibu. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Ukienda kwa mtu mzima unaamkia, unakaa ulipoonyeshwa, unapokea ulichopewa. Kumwambia mama wa miaka sitini "naomba nione kitambulisho chako na karatasi za nyumba" ni kama kumwambia mwizi wewe. Mkono wenyewe unakuwa mzito. Na yule mama alilijua hilo vizuri, kanga mbili, sauti ya chini, anakohoa kidogo, anakwambia mimi hela sizitaki sana nataka mpangaji mwenye adabu. Ukishaambiwa hivyo utaanza vipi kudai karatasi? Adabu yako imeshatajwa, na ukiuliza unaonekana huna.

Sitaki kuandika hapa kwamba tuache heshima. Naipenda, na mwanangu namlea nayo. Ila nimeona kuna njia ya kuuliza bila kumvunjia mtu heshima, nayo ni kumtanguliza mtu wa tatu. Mdogo wangu sasa hivi anasema, "Mama, shikamoo, nyumba nimeipenda, ila kaka yangu ndiye anatoa hela na ameniambia nisilipe mpaka nimpelekee picha ya kitambulisho chako na bili ya maji yenye jina lako, nisamehe sana." Kaka yupo au hayupo si kitu. Mwenye nyumba wa kweli atanung'unika kidogo kisha ataenda chumbani kuleta. Tapeli ataanza hadithi.

## Wiki mbili za kupaka rangi

Hapa ndipo pamenifungua macho zaidi kuliko pote.

Wale wote wanne waliambiwa kitu kimoja. Nyumba ni yako, funguo hizi hapa, ila hamia tarehe moja, fundi rangi anamalizia vyumba vya nyuma na mimi natoa vyombo vyangu. Inaingia akilini, si ndiyo? Nani ahamie kwenye harufu ya rangi na mtoto mdogo? Mdogo wangu alilipa tarehe kumi na nane, mama mwenye mtoto mgongoni alilipa tarehe ishirini na mbili, na kijana mmoja fundi simu, masikini, alilipa siku mbili tu kabla ya kuhamia.

Ukiangalia vizuri, utapeli wote umekaa kwenye zile siku za kati. Bila hizo siku hakuna utapeli, kwa sababu huwezi kuiuza nyumba kwa watu wanne kama wa kwanza ameshaingia na godoro lake. Rangi na mafundi vilikuwa pale kwa kazi hiyo tu, kuwatenganisha watu wanne wasikutane hadi yeye awe amefika anapokwenda.

Kwa hiyo sasa kwenye ukoo wetu tumeweka utaratibu, lipa leo lala leo. Kama nyumba haijawa tayari, hela nayo haijawa tayari. Ukitaka nikushikie kidogo ili usimpe mwingine, nitakushikia kiasi ambacho kikipotea sitalia, na tutaandikishana. Siku ya kulipa kodi yenyewe nakuja na fundi kitasa, kitasa kinabadilishwa mbele ya macho yetu kwa hela yangu, na mkeka na ndoo vinaingia siku hiyo hiyo. Kitasa kipya pale Kariakoo si hela nyingi. Mtu aliyechongesha funguo nne hawezi kukubali ubadilishe kitasa tarehe kumi na nane, hawezi kabisa, atakwambia subiri rangi kwanza.

## Muulize Mangi, lakini muulize vizuri

Kuna ubishi ulitokea kwenye grupu letu la familia. Mjomba akasema suluhisho ni karatasi, hati, wanasheria. Mimi nikasema hapana, suluhisho ni majirani. Tumebishana siku nzima na mpaka leo mimi naamini niko sahihi, ingawa amenipunguza kidogo, nitaeleza.

Mtaa unajua. Mangi wa dukani anajua nani mwenye nyumba, nani mpangaji, nani anakopa mkate na halipi. Bodaboda wa kijiweni wanajua wamempeleka nani wapi. Mama ntilie anajua. Kwenye kesi yetu Mangi wa pale pale, mita chache kutoka geti la bluu, alipoulizwa ile Jumamosi alisema bila hata kufikiri, yule mama mbona ni mpangaji, kaja juzi juzi. Taarifa ya milioni moja na nusu ilikuwa imekaa nyuma ya nondo za duka na hakuna aliyeiuliza.

Ila namna ya kuuliza ni muhimu sana. Ukienda na kusema, "Samahani, yule mama wa geti la bluu ndiye mwenye nyumba eti?" utajibiwa eeh ndiyo, kwa sababu mtu hataki maneno, na ukishasema wewe yeye anaitikia tu. Usimpe jibu. Nunua soda, simama pale unywe, halafu uliza, "Hii nyumba ni ya nani?" Kisha nyamaza. Uliza, "Aliyekuwa anakaa hapa kahamia wapi?" Uliza, "Huyu mama yuko hapa tangu lini?" Na nenda jioni, saa moja hivi watu wamerudi makazini, na usiende na dalali, na usimwambie mtu kwamba unakuja. Mchana wa saa tano mtaa una watoto na madada wa kazi tu, na dalali akiwa pembeni hakuna jirani atakayefungua mdomo.

Halafu ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji wengi wanawajua wenye nyumba wao, na kwa vyovyote utatakiwa kwenda kujitambulisha ukihamia, basi nenda kabla ya kulipa badala ya baada. Mtaa mwingine watataka hela kidogo ya mhuri. Mimi ningelipa.

## Mjomba naye ana hoja

Pale aliponipunguza ni hapa. Akasema, sawa, mtaa mzima unaweza kukwambia hii nyumba ni ya familia ya mzee fulani, na huyu ni mtoto wa mzee kweli, na bado ukaliwa. Kwa sababu mzee alishafariki, watoto wako sita, na huyu anayekupangisha ni mmoja tu ambaye wenzake hawajui. Unakaa mwezi mmoja, wanakuja watatu wanakwambia sisi hatujapokea chochote. Majirani hawakukudanganya.

Kwa nyumba ya urithi kuna karatasi moja tu ya kuulizia, nayo ni ile ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Jina lililo pale ndilo linalopokea kodi, au amwandikie mwenzake kwa saini yake. Nyingine ni nyumba iliyowekwa dhamana benki na mkopo haulipiki, mwenye nyumba anakusanya kodi ya mwaka mzima akijua mnada unakuja. Na nyingine ni ile yenye X ukutani, alama ya kubomolewa. Watu wa Kimara mpaka Kiluvya hawahitaji kuelezwa, 2017 nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, na kwenye nyumba za namna ile wanakuwemo wapangaji, si wenye nyumba peke yao. Ukiona ukuta umepakwa rangi mpya sehemu moja tu upande wa barabara, uliza pale chini kuna nini.

Karatasi nyingine si za kutisha kama zinavyosikika. Bili ya maji ya DAWASA ina jina la mteja. Ukinunua umeme kwenye baadhi ya programu za benki jina lililosajiliwa kwenye mita linatokea kabla hujathibitisha, nunua wa elfu moja tu uone. Jina likitofautiana usikimbie papo hapo, mita nyingi bado zina jina la aliyejenga au aliyeuza, ila ni swali la kuuliza na jibu lake unalipima na la Mangi. Mhuri wa wakili nao usikutie moyo peke yake, ule wa mdogo wangu tulikuja kugundua jina halipo. Mahakama wana mfumo wao wa e-Wakili mtandaoni, unaandika jina unaona kama huyo wakili anatambulika, inachukua dakika moja na ni bure.

Halafu jina la kwenye simu. Unapotuma hela jina linatokea kabla ya namba ya siri, na lile jina lisome kwa sauti kabisa. Yule mama alisema laini yake imejaa, haipokei kiasi kikubwa, watumie kwa mdogo wake. Sababu ya maana kabisa maana laini huwa zina kikomo kweli. Lakini jina la mkataba, jina la kitambulisho na jina la anayepokea hela yakiwa matatu tofauti, wewe umemlipa nani? Benki ni bora zaidi, akaunti yenye jina lile lile la mkataba, na ukishaweka unabaki na risiti inayoeleweka hata polisi.

Kuna kitu kimoja nakiwaza kila nikipita mitaani hapa Dar. Kuta ngapi zimeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI kwa rangi nyekundu? Mpaka tumezoea, hatuzioni tena. Kwenye kuuza na kununua tumeshajifunza, tunajua mtu anaweza kuuza nyumba ya mwenzake mchana kweupe, ndiyo maana wenye nyumba wanaandika ukutani na wanunuzi wanaenda ardhi kufanya upekuzi. Kwenye kupanga bado tunaenda kwa kuaminiana, kwa kuwa tunasema ni kodi tu. Milioni moja na nusu kwa mtu anayepokea mshahara wa laki nne si kodi tu.

## Miezi sita

Na hapa naomba niseme kinachonikera, maana ni rahisi kuandika makala yote hii kama vile kosa ni la mpangaji asiyeuliza.

Tapeli asingepata milioni sita kwa wiki mbili kama kodi ingelipwa kwa mwezi. Angepata milioni moja kwa wote wanne, na kodi aliyoilipa mwenyewe ya miezi mitatu ingekula sehemu kubwa ya hiyo. Ni huu mtindo wa miezi sita, na kwingine mwaka mzima, ndio unaofanya kazi hii iwe na faida. Mtu anakusanya akiba ya mwaka, anakopa kikoba, anauza kiwanja, anaenda kumkabidhi mtu aliyemfahamu Jumanne.

Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ile ya 1984, ilifutwa 2005. Lukuvi alipokuwa waziri wa ardhi alisema hadharani kwamba utaratibu wa kudai kodi ya miezi sita au mwaka ukome, watu wakafurahi wiki moja, na tunaendelea kulipa miezi sita. Sensa ya 2022 iliikuta Dar na watu zaidi ya milioni 5.3, na wengi tunaofahamiana hapa ni wapangaji. Kila mmoja wetu anabeba hela nyingi kwa mkupuo ili tu apate pa kulala.

Wenye nyumba wana sababu zao na nawasikia. Kuna wapangaji wanaohama usiku, wanaoacha deni la maji, wanaovunja masinki. Lakini kuna njia ya katikati na nimeona wenye nyumba wawili watatu wanaikubali ukiomba kwa adabu, mwezi wa kwanza unalipa siku ya kuingia, na miezi mitano iliyobaki unalipa baada ya wiki mbili ukiwa umeshalala humo ndani. Mwenye nyumba wa kweli anapoteza nini? Wewe na watoto wako na makochi yako mko ndani ya geti lake.

## Walio mbali

Wenye hatari kubwa zaidi ni wale wasioweza kwenda kunywa soda kwa Mangi. Mtumishi amehamishiwa Dodoma, anatakiwa kuripoti Jumatatu, na tangu serikali ihamie kule nyumba nzuri hazikai. Mwanafunzi yuko Kigoma anatafuta chumba karibu na chuo. Au dada yuko Muscat anafanya kazi za ndani, anataka kumtoa mama yake kwenye chumba kinachovuja Mbagala, anatumiwa video ya nyumba na dalali aliyeunganishwa na mtu aliyeunganishwa na mtu.

Video haitoshi hata kidogo. Kama uko mbali, tafuta mguu wako, mtu mmoja unayemwamini aende jioni, apige simu ya video akiwa nje ya geti, atembee mpaka dukani, uongee na mwenye duka mwenyewe. Kama huna mtu, fikia gesti siku tatu kisha tafuta ukiwa hapo hapo. Najua gesti ni hela. Nimepiga hesabu na ndugu zangu mara kadhaa na kila mara gesti inakuwa nafuu.

## Dalali

Hapa sina jibu safi.

Dalali aliyempeleka mdogo wangu alikamatwa pamoja na mwenzake mmoja, wakakaa ndani siku mbili, wakatoka. Anasema na yeye alidanganywa, yule mama alimpigia simu kama mwenye nyumba mwingine yeyote, akaja akaona nyumba, akaleta wateja, akachukua mwezi wake, yaani kodi ya mwezi mmoja anayolipwa dalali. Nilimwangalia usoni akiongea na nikaamini. Halafu usiku nikajiuliza, mtu uliyeleta wateja wawili kwenye nyumba moja ndani ya wiki moja hukushangaa? Akasema wa pili hakuletwa na yeye, aliletwa na mwenzake. Inawezekana. Amemrudishia mdogo wangu kwa mafungu nusu ya ile laki mbili na nusu, sina uhakika mtu mwenye hatia angerudisha, na sina uhakika asiye na hatia angerudisha pia.

Ninachokijua ni kwamba mfumo wao unawalipa siku hela inapotoka, basi. Haijalishi utalala humo au hutalala. Ndiyo maana sasa tunamwambia dalali mapema kabisa, mwezi wako upo, tena mzima, utaupokea siku nikishabadilisha kitasa. Wengine wanaondoka. Waliobaki wanaanza wenyewe kumuuliza mwenye nyumba maswali, na wanauliza vizuri kuliko sisi kwa sababu wanazijua hizo mbinu.

## Baada ya kuliwa

Walienda polisi wote wanne pamoja, na hilo lilisaidia, maana mmoja mmoja unaambiwa hilo ni suala la madai nenda baraza. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo kinaweza kufika miaka saba, litaje hivyo hivyo kaunta. Chukua RB, ile namba ya taarifa yako polisi, beba mkataba, meseji, risiti za kutuma hela. Piga mtandao wa simu dakika ile ile uliyoshtuka, wakati mwingine hela bado haijatolewa. Na zile meseji za kitapeli, sambaza kwenda 15040.

Laini iliyopokea hela ilikuwa na jina la kijana wa kijijini huko Singida ambaye alivyotafutwa hakujua chochote, alisajili laini yake mnadani kwa alama ya kidole, akaambiwa mashine imegoma weka tena, akaweka tena. Nakuomba piga *106# uone laini ngapi ziko kwa jina lako, maana inawezekana wewe ndiye mama wa Tabata kwenye makaratasi ya polisi na hujui.

Yule mama hajapatikana.

## Mama aliyekasirika

Mwezi uliofuata tulitafuta tena, mimi na mdogo wangu, tukiwa na utaratibu wetu wote. Tukapata nyumba Segerea, nzuri, ndogo, uwanja wa kuanika nguo. Mwenye nyumba mama mjane. Tuliongea vizuri hadi tulipoomba kuona bili na kitambulisho, kwa maneno yale yale ya upole. Akanyamaza. Akasema, "Mnanionaje? Mimi nimejenga nyumba hii na marehemu, tofali moja moja, leo niulizwe kama ni yangu?" Machozi yalimlenga kabisa. Jioni dalali akatupigia kwamba nyumba amepewa mtu mwingine.

Na alikuwa mwenye nyumba wa kweli. Mtaa mzima ulitwambia hivyo baadaye.

Nimekaa na hilo pia. Tuliikosa nyumba nzuri ya mtu mwema, tukamuumiza mjane, na tungeweza kuuliza mtaani kwanza kabla ya kumgusa yeye, pengine hata karatasi tusingehitaji. Sasa hivi tunaanza na mtaa, na kitambulisho tunakiomba siku ya mkataba wakati na sisi tunatoa vya kwetu, vinapigwa kopi vyote pamoja pale steshenari. Haiumi sana kwa sababu wote mnatoa. Mdogo wangu alipata sehemu Kinyerezi kwa njia hiyo, alilipa mwezi mmoja, alilala siku hiyo hiyo, mitano akamalizia wiki mbili baadaye.

Mkutano wa mtaa wetu ukiitishwa nitasimama. Viongozi hawa tuliwachagua Novemba 2024 na ofisi ina ubao wa matangazo ambao sasa hivi una tangazo la taka na la chanjo ya mbwa tu. Naenda kuomba vitu viwili, libandikwe tangazo kwamba mpangaji yeyote anakaribishwa kuuliza nyumba ni ya nani kabla hajalipa, bila malipo, na mtendaji awe na daftari la nyumba zinazopangishwa na namba za simu za wenyewe hasa wale wanaoishi mikoani. Mwenyekiti nimeshamdokeza, anasema wenye nyumba watapinga kwa kuogopa kodi ya serikali. Kama mtaa wenu mmeshajaribu kitu cha namna hii niandikieni mlilipitishaje, nataka kwenda na mfano mkononi.